Mstari wa Nukta

Semarang, 9 Februari 1993

Kwa Etek Jusna, mama yangu mdogo,

Pokea salamu za mtoto asiyeandika mpaka aone haya. Mimi mzima. Kinachonisumbua ni hamu ya rendang yako tu, ile nyama ya nazi na pilipili, maana watu wa huku Java wanatia sukari kwenye kila kitu, hata mboga.

Nilipokuja likizo uliniuliza nasomea nini hasa, nikacheka nikakukwepa. Sasa nakujibu. Kitivo ni cha sheria, lakini mwaka wa tatu tunagawanywa. Wanaotaka kuwa mahakimu wamekwenda kwenye jinai, wanaotaka magari wamekwenda kwenye biashara, na sisi kumi na mmoja tumeingia Sheria na Jamii. Tunasoma sheria kidogo, elimu ya jamii kidogo, mila kidogo, historia kidogo. Wenzetu wanatuita popo, si ndege si mnyama. Lakini naipenda, Etek. Msimamizi wangu, Ibu Retno, anasema sheria ya kitabuni ni mifupa tu, nyama yake iko jikoni kwa watu, tukaitafute huko.

Basi mimi nikaja kuitafuta jikoni kwetu. Tasnifu yangu inahusu ardhi ya ukoo wetu. Wenzangu hapa hawaamini kwamba kwetu nyumba na mashamba ni ya wanawake, kwamba ukoo unapita kwa mama, na kwamba mume ndiye anayehamia kwa mkewe na mto wake mkononi. Sutarti, ninayelala naye chumba kimoja, aliniuliza, "Sasa mume akinuna?" Nikamwambia akinuna anarudi kwa mama yake, milango yetu haina kufuli.

Zile asubuhi nilizokuwa nimejifungia na bibi, ukadhani mimi na Anduang tunasengenya majirani, alikuwa ananitajia majina. Vizazi saba. Nimeyachora yote kwenye karatasi moja kubwa, nikayapiga chapa, chuo kikagonga muhuri. Ibu Retno anasema hajapata kuona mchoro wa ukoo uliokamilika namna hii. Nakala moja nimempelekea Mak Datuk, kwa heshima tu, yeye ndiye mjomba na ndiye mkuu wa ukoo. Ninavyomjua, atatamba nao mpaka uchakae.

Kuna jambo moja kwenye mchoro ule ningependa tulizungumze wewe na mimi. Si la barua. Nikija.

Mwanao,
Wirdanelis


Koto Rukam, 27 Februari 1993

Kwa Neli, popo wa Semarang,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Yurnida naye asikie. Amecheka mpaka akaunguza pilipili. Sokoni wananiuliza, "Jusna, huyo mtoto wako akimaliza atakuwa nani?" Nawajibu atakuwa mtu wa kuwauliza watu maswali, na serikali itamlipa kwa hilo. Mama Rosma akasema kazi hiyo yeye anaifanya bure miaka yote.

Habari kubwa ni ya huyu huyu dada yako Yurnida. Tumebadilishana amana za posa na kina Syafnil, yule mwalimu wa darasa la nne mwenye pikipiki nyekundu. Sisi tumetoa kile kitambaa cha nyuzi za dhahabu cha marehemu mama yangu, wao wametoa kisu cha babu yao. Harusi ni baada ya mavuno. Chumba cha mwisho katika nyumba kubwa, kile cha upande wa mashariki, nimekisugua sakafu kwa mikono yangu. Yurnida ataolewa humo na mumewe ataingia humo, kama mimi na marehemu wangu. Nikimaliza hilo nitakuwa nimemaliza kazi yangu duniani.

Watu wa serikali wamefika kupima ardhi. Safari hii wanasema kila ukoo utapewa hati yake, mradi mkuu wa ukoo apeleke orodha ya warithi wote. Mchoro wako umemfikia Mak Datuk wakati mwafaka. Anautembeza toka duka la kahawa hili mpaka lile, hakuna anayekunywa kahawa yake kwa amani. Mimi sijauona, miwani yangu imevunjika mguu, naishikilia kwa mkono na naona haya kutoka nayo. Nimeambiwa jina langu limeandikwa kwa herufi nzuri. Nimefurahi, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuliandika jina langu mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho.

Anduang anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Etek wako,
Jusna


Semarang, 10 Machi 1993

Kwa Mak Datuk, mjomba wangu ninayemheshimu,

Naomba radhi kwa kuanza na ombi kabla ya salamu kukamilika. Ule mchoro niliokuletea, Mak, nakuomba usiupeleke kwa watu wa ardhi. Ulikuwa wa kitabu tu.

Tazama chini kabisa, pembeni mkono wa kulia, kuna maelezo ya alama kwa herufi ndogo. Mstari mzima maana yake ni mtoto wa damu. Mstari wa nukta maana yake ni aliyeingizwa ukooni. Tawi la Etek Jusna, lililo pembeni ya tawi letu la Anduang, nimelichora kwa nukta, kuanzia kwa yule bibi yake Kambang. Anduang aliniambia kwamba Kambang aliletwa kutoka pwani akiwa mtoto mdogo, mwaka wa njaa, akiwa hana kwao, akalelewa hapo nyumbani na kupewa ukoo. Nilipolisikia jambo lile moyo ulinidunda, na nasema kweli ulidunda kwa furaha. Nilikuwa nimepata kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Sikumfikiria Etek hata kidogo mpaka nilipopata barua yake.

Anasema hajauona. Nakuomba unirudishie kabla hajauona. Nitakuchorea mwingine.

Mpwa wako,
Wirdanelis


Koto Rukam, 24 Machi 1993

Kwa Wirdanelis,

Barua yako imechelewa siku tisa. Mchoro umebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji tangu Jumatatu ya juma lililopita, na utakaa hapo siku sitini. Ndivyo sheria ya hati inavyotaka, ili mwenye pingamizi aje aseme. Wewe mwanasheria ulipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Nitakwambia ukweli, kwa kuwa siwezi kumwambia mtu mwingine. Sikusoma chini. Niliona jina langu na cheo changu juu, nikaona muhuri wa chuo, nikatosheka. Nilijivuna. Karani ndiye aliyesoma. Akaniuliza mbele ya watu, "Datuk, hawa wa nukta ni nani?" Nikanyamaza. Akasema kwenye fomu yake mrithi ni wa damu, na hawa wengine ataandika wanaishi hapo kwa hisani. Kwa hiyo Jusna na Yurnida hawamo kwenye orodha. Siku ya pili mtaa mzima ulikuwa umesimama mbele ya ubao, hata wasiojua kusoma.

Neli, kila mtu wa umri wangu alijua habari ya Kambang. Nilirithishwa jambo hilo pamoja na cheo, nikaambiwa niliweke mdomoni, nisiliteme wala nisilimeze. Nimeliweka miaka ishirini na sita. Jambo la mdomoni mtu anaweza kulinyamazia na asiwe mwongo. Likishapigwa muhuri, ukinyamaza unakuwa mwongo, ukisema unakuwa mwuaji. Nikiubandua leo watasema nimeficha. Nikiuacha, unajua mwenyewe.

Usije kwa sasa. Ukija utaulizwa, na sidhani kama una jibu.

Mjomba wako,
Datuk Rajo Lenggang


Koto Rukam, 5 Aprili 1993

Kwa Neli,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Mvua imekuwa nyingi, mpunga wa chini umelala lakini utainuka. Paka wa Anduang amezaa watatu, mmoja ana mkia mfupi.

Harusi ya Yurnida imesogezwa mbele kidogo. Watu wa Syafnil wana shughuli zao. Mimi na Yurnida tumehamia kwa muda kwenye kibanda cha shamba la kahawa la marehemu mume wangu, ili tuwe karibu na kahawa wakati wa kuchuma. Ukiandika, elekeza barua kwa mwenye duka la njia panda.

Soma kwa bidii. Usilale njaa.

Jusna


Semarang, 18 Aprili 1993

Kwa Etek,

Umesaini Jusna tu. Barua zako zote ninazo ndani ya sanduku, tangu nilipokwenda sekondari, na hakuna hata moja uliyosaini hivyo. Na kahawa haichumwi Aprili.

Mak Datuk ameniandikia. Najua kuhusu ubao, najua karani ameandika nini. Ni mimi, Etek. Si karani, wala Mak Datuk, wala serikali. Anduang aliniambia akiwa anamenya popoo, sauti ya chini, na aliposema jina la Kambang alitazama mlango kwanza. Nililiona lile jicho la kutazama mlango. Na nilipotoka pale sikungoja hata jioni, niliandika kila neno. Nimefundishwa namna ya kumfanya mtu azungumze asahau kwamba ninaandika. Nilipata alama ya juu kabisa katika somo hilo.

Mama alikufa akinizaa. Yurnida alikuwa na miezi mitatu, ukatuweka mmoja kila upande, ukatunyonyesha wote wawili. Haya nayajua tangu utotoni. Nilikaa siku nne nikichora mistari na rula, nikalifikia jina lako, nikachukua kalamu nyembamba nikaweka nukta, nukta, nukta. Mkono wangu haukutetemeka. Ndilo linaloninyima usingizi. Nilikuwa naangalia tu kama nafasi kati ya nukta ziko sawa.

Nimepata njia. Nitaandika kwa watu wa ardhi kwamba mchoro una kosa, kwamba Anduang ana miaka themanini na tisa na anachanganya mambo, na Kambang alikuwa binti wa nyumba kama wengine. Nitachora upya kwa mstari mzima. Nimemwambia Ibu Retno. Ameniambia nikisema habari zangu ni za uongo, tasnifu imekufa na huenda na mwaka nikaupoteza. Nimemjibu sawa. Nikubalie tu, Etek. Barua iko tayari mezani.

Mwanao, kama bado unaniruhusu,
Neli


Koto Rukam, 2 Mei 1993

Kwa Neli,

Barua hiyo iliyo mezani ichane.

Nilisaini Jusna kwa sababu sikujua tena naruhusiwa kuitwaje. Umetaka kujua, nimekwambia.

Unadhani umenifichulia siri? Nilijua nikiwa na miaka saba. Mtoto wa jirani alinitupia neno tukigombania jembe la kuchezea, akaniambia rudi pwani kwenu. Mama yake Anduang alikuwa barazani. Alishuka ngazi zote kumi na moja, mzee yule, akampiga yule mtoto kofi, kisha akawaambia watu wote waliokuwepo, "Katika nyumba hii hakuna aliyekuja. Wote wamezaliwa." Tangu siku ile hakuna aliyesema tena. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, mwanangu. Uliitafuta jikoni na ilikuwa pale pale unakaa, na kazi yake ilikuwa moja tu, mtu asiulize.

Sasa unataka kumfanya Anduang kichaa ili mimi nirudi. Unajua yuko vipi? Anakaa dirishani anatazama njia ya shamba la kahawa. Hali. Aliniambia, "Niliambiwa na mjukuu wangu nimwambie, nikamwambia. Sikujua nazungumza na ofisi." Mwanamke huyo amelinda mdomo wake miaka themanini, akaufungua mara moja kwa kuwa alikupenda, na wewe unataka serikali iandike kwamba akili imemruka. Hapana. Mimi sitaingia nyumba ile kwa mgongo wa uongo juu yake. Niliishi mle kwa kunyamaziwa, na kunyamaziwa si uongo. Kama chuo hakijawafundisha tofauti hiyo, miaka mitatu hiyo mmefanya nini?

Ulitaka kujua na mengine. Mama yake Syafnil alikuja tarehe mbili Aprili na dada zake wawili. Wakakaa, wakanywa chai, wakasifu chai. Kisha wakatoa kile kitambaa cha mama yangu, kimekunjwa vizuri kuliko tulivyowapa, na wakaomba kisu chao. Hakuna aliyesema neno baya. Yurnida aliingia ndani akakileta mwenyewe, akawakabidhi kwa mikono miwili. Siku ya tatu tukahama. Hakuna aliyetufukuza. Lakini nilikuwa nikipanda ngazi naona watu wanatazama miguu yangu.

Yurnida anasema hana la kukuandikia.

Jusna


Koto Rukam, 17 Mei 1993

Kwa Etek,

Nimegonga mlango wa kibanda chako mpaka mwenye duka la njia panda amenionea huruma akaniletea kiti. Nasikia kuku wako ndani na nimeona moshi, kwa hiyo najua mpo. Sitavunja mlango. Naandika hapa hapa nje, nitaipitisha chini.

Barua ile niliichana kama ulivyosema. Leo ilikuwa siku ya warithi kusaini. Nimekwenda ofisi ya kijiji. Binamu zetu wote walikuwepo, Mak Datuk kakaa mbele na kofia yake. Karani kaita jina langu, kanipa kalamu. Nikamwambia, "Mchoro huu nimeuchora mimi na hauna uongo. Lakini sisaini orodha isiyokuwa na Etek Jusna na Yurnida." Akasema, "Dada, hati ni ya pamoja. Asiposaini mmoja hakuna hati." Nikamwambia najua, kifungu hicho nakijua kwa moyo. Akacheka, "Wewe mwanasheria wa aina gani unayewanyima watu wako hati?" Nikasema wa nusu, ndiyo maana.

Binamu zetu kina Zulhendri wameniita mchawi mbele ya watu. Wamesema kwanza nimemvua nguo mama yao mdogo, sasa nawanyang'anya wao ardhi, nikasome mbali huko nisirudi. Wana haki ya nusu ya maneno hayo. Nimekaa na kalamu mkononi mpaka saa sita, sijui ujasiri niliupata wapi, labda haukuwa ujasiri, nilikuwa naogopa zaidi kuja huku kwako nikiwa nimesaini. Mwisho Mak Datuk kasimama, kaenda kwenye ubao, kaubandua mchoro kwa kucha. Umechanika pembe mbili. Kaukunja, kautia mfukoni, kamwambia karani, "Ukoo huu umebadili nia." Kisha katoka bila kunitazama.

Kwa hiyo ardhi imebaki kama zamani, haina karatasi. Jina lako halikufutwa mahali popote, na halikuandikwa. Ni yote niliyoweza. Najua hayatoshi, Etek. Waliousoma ubaoni wamekwisha kuusoma.

Sura ile nimeitoa kwenye tasnifu. Ibu Retno amenipa miezi sita nitafute jambo lingine la kuandika. Amesema sura bora ndiyo niliyoitoa, nikamwambia ndiyo.

Nitalala kwa Anduang leo. Basi langu ni kesho saa moja asubuhi.

Neli


Koto Rukam, 30 Juni 1993

Kwa Neli,

Nilikuwa ndani, ni kweli. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, naisikia kalamu yako. Yurnida alinishika mkono, sijui alikuwa ananizuia kufungua au ananiomba nifungue. Usimchukie kwa hilo.

Mak Datuk alikuja juma lililofuata na wazee watatu, na tambuu kwenye sahani ya shaba, kama watu wanaokuja kuposa. Hakutaja mchoro. Alisema mama yake hali chakula na nyumba kubwa inavuja upande wa mashariki kwa kuwa hakuna anayeishi huko. Nikamwambia upande wa mashariki hauvuji. Akasema, "Jusna, naomba uvuje." Tukacheka wote, na mimi nikalia. Nimerudi. Anduang amekula siku hiyo hiyo, ameanza na samaki.

Watu wananisalimu kama kawaida, sasa wanazidisha kidogo. Wanasalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani. Nitazoea. Yurnida amekwenda Pekanbaru, anashona kwa mke wa binamu wa marehemu baba yake. Syafnil alikuja peke yake na pikipiki yake kumuaga, akasimama chini ya ngazi, hakupanda. Chumba kile nimeweka magunia ya mpunga.

Umeniandikia barua tatu tangu ulipoondoka na zote zinauliza jambo moja. Nakujibu ili ulale. Nimekusamehe. Nilikusamehe mapema kuliko ulivyodhani, labda siku ile nyuma ya mlango. Mtoto niliyemnyonyesha nitamfanyia nini? Na ulichokifanya pale ofisini nimesimuliwa na watu wanne, kila mmoja ameongeza chumvi yake, na zote nimezisikiliza mpaka mwisho.

Njoo Idi. Kitanda chako kipo. Ila usishangae ukiniona mzito kujibu. Siku hizi nikikuwazia umekaa hapa jikoni unaniuliza kitu, hata kama ni wapi nimeweka kijiko, najikuta kwanza nafikiri nikwambie au nisikwambie. Sijapenda iwe hivyo, mwanangu. Ndivyo ilivyo.

Etek Jusna